Faiba ya Migori na Homa Bay: Kwa Nini Kasi Haitoshi

Lalamiko ni lile lile kutoka Oyugis hadi Isebania. Mteja amelipia megabiti 20 kwa sekunde, akipima kasi anaziona zote, lakini akiingia kwenye mkutano wa video sauti inakatikakatika na picha inaganda. Akiuliza, anapewa majibu yasiyofanana. Mmoja anamwambia mkongo wa baharini umekatika. Mwingine anailaumu Kenya Power, wa tatu anasema ni matingatinga ya barabara, na muuzaji anamshauri apande kifurushi.

Kila jibu limewahi kuwa kweli siku fulani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na intaneti ya Kenya ikalegea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikapotea tena. Lakini majibu hayo yamegeuka kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mteja hajui alipie nini, na kaunti haijui idai nini kwa kampuni zinazochimba mitaro kando ya barabara zake.

Yanayopita kwenye nyaya hizo si burudani peke yake. Mahakama za Kenya zilianza kusikiliza kesi kwa wingi kwa video mwaka 2020, na shahidi ambaye neno lake moja limemezwa amebadilishiwa ushahidi. Daktari aliye Mbita anayetaka ushauri wa mtaalamu wa Kisumu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, minara ya simu inayobeba M-Pesa, hata vifaa vinavyolinda njia kuu za umeme, vyote vinategemea ishara ifike kwa wakati wake, bila kukatika. Ikichelewa, ni sawa na kutofika.

Kasi ni kitu kimoja, wakati ni kingine

Kasi inayotangazwa kwenye mabango ni kipimo cha wingi, yaani data kiasi gani inapita kwa sekunde. Mazungumzo hayahitaji wingi. Simu ya sauti hutosheka na sehemu ndogo tu ya megabiti moja. Inachohitaji kwanza ni pakiti, yaani vipande vya data, zifike mapema, na mwongozo wa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unasema sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150 wazungumzaji wengi hawatahisi lolote. La pili, na ndilo linalosahaulika, ni pakiti kufika kwa mwendo ulio sawa. Simu hukata sauti katika vipande vya milisekunde 20 hivi. Kipande kimoja kikitumia milisekunde 15 njiani na kinachokifuata kikatumia 90, simu inayopokea hukitupa kilichochelewa na kuendelea. Hapo ndipo neno linapomezwa, ingawa kipimo cha kasi bado kinaonyesha megabiti 20.

Umbali haulaumiki. Mwanga ndani ya kioo hukata kilomita moja kwa mikrosekunde 5. Kutoka Migori hadi Nairobi, tuseme kilomita 400 za waya, ni milisekunde 2. Ukiendelea hadi Mombasa, mikongo ya TEAMS, Seacom na EASSy inapotua, bado hujafika milisekunde 5. Kabla ya mikongo hiyo kuanza kuwasili mwaka 2009, safari ya kwenda na kurudi kwa setilaiti ilikula nusu sekunde.

Kwa hiyo ucheleweshaji unaosumbua leo hauletwi na umbali. Unazaliwa kwenye foleni, na foleni mbaya zaidi ziko kwenye kilomita chache za mwisho, kati ya kituo cha mjini na ruta ya nyumbani.

Mti wa kioo na zamu zake

Mkongo wa taifa, NOFBI, ulijengwa kwa awamu ili ufike makao makuu ya kaunti zote 47, Migori na Homa Bay zikiwemo. Kampuni binafsi zikaweka nyaya zake, nyingine ardhini, nyingine juu ya nguzo za Kenya Power. Sehemu ya mwisho ya kumfikia mteja hujengwa kwa mtindo uliozoeleka duniani kote. Waya mmoja wa kioo hutoka kwenye mtambo mkuu, hufika kwenye kigawanyaji kisichotumia umeme, kisha hugawanyika matawi 32 au 64. Katika teknolojia ya GPON, mti mzima hugawana karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha.

Faida yake kwa maeneo kama Ndhiwa au Nyatike ni kubwa. Kigawanyaji hakihitaji stima wala betri wala jenereta, na waya mmoja unahudumia soko zima. Udhaifu uko kwenye kupandisha. Visanduku viwili vya faiba vya nyumbani kwa wateja vikituma kwa wakati mmoja, miale yao hugongana. Safari ya kupanda basi ni kama daraja la njia moja: mtambo mkuu lazima umpe kila mteja zamu yake ya kuvuka, na hesabu ya zamu hizo hupangwa upya kila mikrosekunde 125.

Kwa kawaida zamu hutolewa kulingana na mahitaji. Kisanduku kinaripoti foleni yake, kinasubiri, kinapewa nafasi. Mpango huu hauachi uwezo ukae bure, na ndio unaoziwezesha kampuni kuuza faiba kwa bei ambayo mwalimu wa Awendo anaweza kulipa. Gharama yake ni kusubiri. Mti ukiwa na nafasi, mteja husubiri milisekunde moja au mbili tu. Mti ukijaa saa mbili usiku, kusubiri kunarefuka, na lililo baya zaidi ni kwamba hakurefuki kwa kiasi kimoja kwa kila pakiti.

Juu ya foleni hiyo kuna kimya. Mtambo mkuu haujui kama kuna kisanduku kipya kimewashwa, wala kiko umbali gani. Ili ukigundue, mara kwa mara unawanyamazisha wateja wote na kuuliza, "Nani mpya?" Kwa kuwa mgeni anaweza kuwa mita 100 au kilomita 20 kutoka mtamboni, kimya lazima kitoshe mwanga kwenda na kurudi kilomita 20, yaani mikrosekunde 200, na nyongeza kidogo ili wageni wawili wasijibu kwa pamoja. Jumla inakaribia mikrosekunde 250. Muda huo hakuna anayepandisha chochote, awe hospitali au mtoto anayecheza gemu.

Robo ya milisekunde si kitu kwa simu ya mtu. Si kitu pia kwa mnara wa kawaida ambao mitambo yake yote iko pale pale chini yake. Lakini mtindo mpya wa minara huacha antena peke yake juu na kuhamisha ubongo wake kilomita kadhaa hadi kituo cha pamoja. Ishara kati ya antena na ubongo huo huruhusiwa kuchelewa takriban mikrosekunde 100 tu kwa upande mmoja. Kimya cha 250 kinaivunja kila kinapotokea. Wanaosema kimya hiki ni janga na wanaosema hakina maana wote wako sahihi, kwa sababu hawazungumzii mzigo mmoja.

Stima inaporudi

Ni rahisi kudhani kwamba visanduku vipya huwashwa kimoja kimoja, mteja mpya anapounganishwa. Katika kaunti hizi mbili sivyo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na stima hukatika mara kwa mara msimu wa mvua. Kioo chenyewe hakipitishi radi, lakini nguzo, transfoma na ruta ya nyumbani haziko salama.

Mtaa ukipoteza stima, visanduku vya nyumbani huzimika pamoja, na stima ikirudi huwaka pamoja. Vyote ni wageni tena, vyote vinajibu swali lile lile, vinagongana, vinajaribu upya. Mtambo mkuu hulazimika kufungua kimya baada ya kimya hadi wote wasajiliwe. Anayeumia ni yule ambaye hakuzimika hata kidogo: mnara wenye betri, hospitali yenye jenereta, benki yenye sola. Walitumia fedha ili wasikatike, na sasa zamu zao zinakatizwa na majirani waliokosa betri. Hali hii haionekani kwenye tangazo lolote la kasi, na mteja anayeipata atasema faiba ni mbovu.

Dawa yake ya kwanza ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kisanduku cha nyumbani hula wati chache tu, na betri ndogo ya ruta humudu saa kadhaa. Kampuni ikiijumuisha kwenye ada ya kuunganishwa, inamtuliza mteja na kupunguza msongamano wa kujisajili. Dawa ya pili iko mtamboni. Kampuni inawajua wateja wake na umbali wao. Ikiwa wateja wa mti fulani wa Rongo wote wako kati ya kilomita 3 na 5, hakuna sababu ya kusubiri mwanga wa kilomita 20, kwani tofauti ya kilomita 2 inahitaji mikrosekunde 20 tu na nyongeza yake. Inawezekana pia kuzima utafutaji wa wageni na kuufungua fundi anapopiga simu kwamba yuko nyumbani kwa mteja. Gharama ya mbinu hizi ni nidhamu: kumbukumbu za umbali ziwe sahihi, na mteja ambaye stima yake imerudi saa nane usiku asiachwe nje hadi asubuhi.

Wanaosema ongeza kasi

Hoja ya kwanza sokoni ni kuongeza uwezo. Nguvu yake haifai kubezwa, maana njia isiyojaa haina foleni. Kuhama kutoka GPON hadi XGS-PON, inayobeba gigabiti 10 juu na chini, huondoa msongamano wa jioni kwa miaka kadhaa, na waya uliozikwa tayari unatumika vile vile.

Lakini uwezo hauponyi chanzo. Sehemu kubwa ya simu zinazokatika nyumbani hutokana na foleni ndani ya ruta yenyewe: simu moja inapandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni huku nyingine iko kwenye mkutano, na pakiti za sauti zinapanga mstari nyuma ya picha. Mteja akipanda kutoka megabiti 10 hadi 40 shida hiyo hupungua, ila haiishi, kwani picha nazo hujaza nafasi yoyote inayopatikana. Ruta inayotanguliza sauti ingemfaa zaidi kwa pesa kidogo. Kimya cha usajili nacho hubaki hata kwenye mtandao wa gigabiti 10, kwa sababu mwendo wa mwanga haubadiliki. Kifurushi kikubwa ni jibu halali kwa mwenye nyumba ya watu wengi. Kukiuza kama tiba ya kila sauti inayokatika ni kumdhulumu mteja.

Wanaosema tengeni zamu

Wahandisi wengi wako upande huu: mwenye mzigo wa haraka apewe zamu ya kudumu, inayokuja kila baada ya muda uleule, aombe asiombe. Mnara, mahakama na chumba cha upasuaji havitasubiri tena jibu la mtambo. Kwa minara mipya kuna njia iliyo bora zaidi, ambapo ubongo wa mnara huuarifu mtambo wa faiba mapema ni lini simu zitatuma, na zamu inaandaliwa kabla ya data kufika.

Ubaya wake ni kwamba zamu ya kudumu isiyotumika inapotea. Ukiwatengea wachache nusu ya mti, walio wengi watabanana kwenye nusu iliyobaki, na hao ndio wanaolipia mti. Katika mji mkubwa wenye kampuni nyingi hilo huvumilika. Katika soko la Rodi Kopany, penye wateja wachache kwa kila kilomita ya waya, mizani ni nyembamba. Kuna pia swali la haki: nani aamue kwamba kikao cha mahakama ni cha haraka kuliko mtihani wa mwanafunzi? Kwangu, zamu ya kudumu ni halali pale ambapo kuchelewa kunamdhuru mtu wa tatu asiye na uchaguzi, kama mgonjwa au mshtakiwa, na pia kwa mnara kwa kuwa unabeba maelfu. Kwa wengine utangulizi wa kawaida wa sauti unatosha.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kudai kila mnara na kila hospitali iwe na waya wake usiogawanywa. Kiufundi hakuna pingamizi: hakuna zamu, hakuna kimya. Kifedha, nyuzi za ziada ndani ya mtaro uliokwisha kuchimbwa ni rahisi, lakini mtaro mpya hadi Muhuru Bay kwa ajili ya mteja mmoja haulipi. Na waya wa peke yako hukatwa na tingatinga lile lile.

Njia ya pili

Hapa ndipo ningeweka uzito mkubwa kuliko kote. Mabishano ya mikrosekunde yana maana kwenye mtandao uliosimama. Kilomita kadhaa za waya zikining'inia kwenye mti mmoja usio na njia ya kurudi, pigo moja la jembe linazima kila kitu kwa saa nyingi, ziwe zamu zimepangwa kwa ustadi au la.

Hatari zinajulikana. Ukarabati wa barabara kuu ya A1 kutoka Isebania kupitia Kisii hadi Ahero umeonyesha mara ngapi mtaro wa faiba na mtaro wa barabara hugombea ukingo mmoja. Mto Kuja hufurika Nyatike ya chini. Moto wa mashamba ya miwa ya Awendo na Ndhiwa ukifika chini ya nyaya zilizotundikwa, nyaya hizo haziponi.

Dawa ni duara, ili waya ukikatwa upande mmoja ishara izunguke upande mwingine, na jiografia, kwa bahati, inasaidia. A1 hupita Katito, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo na Migori. Katito kunachepuka barabara ya Kendu Bay hadi Homa Bay, na kutoka Homa Bay kuna barabara ya Rodi Kopany hadi Rongo. Hilo ni duara kamili. Rodi Kopany tena kuna njia ya Ndhiwa hadi Sori, na kutoka Sori unafika Migori, duara la pili. Juu ya hayo kuna njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Sondu kupitia Homa Bay na Ndhiwa hadi Awendo. Njia za namna hiyo kwa kawaida hubeba faiba ndani ya waya wake wa juu kabisa, mahali ambapo tingatinga halifiki. Kampuni zikikubali kubadilishana nyuzi, kila moja ingepata duara bila kuchimba upya sehemu kubwa ya njia.

Kizuizi ni biashara. Kampuni huona njia yake kuwa silaha dhidi ya mshindani, na kila kaunti hutoza ada ya kupitisha nyaya kwa utaratibu wake. Duara linalovuka Kisumu, Homa Bay, Migori na Kisii linahitaji meza nne za vibali. Lingine la kuangaliwa ni kwamba kampuni mbili zinaweza kumuuzia mteja "njia mbili" zilizolala katika mtaro mmoja. Hilo si duara, na mteja ana haki ya kuonyeshwa ramani kabla hajatia saini.

Saa na mtego wa njia mbili

Njia ya pili inaleta shida yake. Minara ya 5G, iliyoanza biashara nchini Oktoba 2022, kwa sehemu kubwa hutumia masafa mamoja kwa kupokezana, kutuma kisha kupokea. Minara jirani lazima ipokezane kwa wakati mmoja, na kila mmoja hauruhusiwi kukosea zaidi ya mikrosekunde 1.5. Saa hiyo hutoka kwa setilaiti za GPS au kupitia faiba.

Saa inayopitia faiba hukisia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Ndani ya mti wa GPON dhana hiyo ni karibu kweli, kwa kuwa waya ni mmoja, na mtambo umekwisha kupima umbali wa kila kisanduku. Kwenye duara, nyuzi za kwenda na za kurudi ni mbili. Zikitofautiana kwa kilomita moja tu, tofauti ni mikrosekunde 5 na kosa la saa ni nusu yake, 2.5. Tayari mpaka umevukwa. Kwa hiyo duara ni lazima lihamishe nyuzi zote mbili kwa pamoja, na fundi aliyeunga waya uliokatwa lazima aandike ameongeza mita ngapi upande gani. Kutegemea GPS peke yake ni rahisi kwa bei, lakini antena ikipigwa na radi mnara unabaki na saa yake ya ndani, ambayo huanza kupotoka. Mnara unaohudumia mji unahitaji vyanzo vyote viwili.

Kipi kitangulie

Nikipima yote, kwa Migori na Homa Bay ningeanza na stima kwenye kisanduku cha mteja, kwa kuwa ni nafuu na huzuia msongamano wa kujisajili. Pamoja nayo, utafutaji wa wageni upunguzwe kwa kumbukumbu za umbali, kazi isiyohitaji mtambo mpya. Kisha duara la Katito, Homa Bay, Rongo na Kisii, hata kama litachukua miaka, kwa makubaliano ya kubadilishana nyuzi na ramani zilizo wazi. Zamu za kudumu zifuate kwa hospitali za rufaa, mahakama na minara. Mitambo ya gigabiti 10 ije pale miti inapojaa kweli, isije mbele kwa sababu ya bango.

Kaunti zina silaha moja ambayo hazijaitumia ipasavyo, nayo ni kibali cha kupitisha nyaya. Kibali kinaweza kuitaka kampuni iache bomba tupu ndani ya mtaro kwa ajili ya nyuzi za wengine. Hospitali na mahakama nazo zinaponunua huduma ziache kuandika megabiti peke yake kwenye mkataba. Ziandike pia kuchelewa kwa milisekunde, tofauti inayoruhusiwa kati ya pakiti na pakiti, na saa ngapi za kukatika kwa mwezi zitarudishiwa fedha, na vipimo vichukuliwe jioni, mti ukiwa umejaa.

Kisiwa cha Mfangano na ncha ya Muhuru Bay hazitaingia kwenye duara lolote hivi karibuni. Huko redio ya mikrowevu ndiyo njia ya pili iliyo ya kweli. Mvua kubwa huidhoofisha, lakini haikatwi na jembe, na kwa umbali huo haichelewi kuliko kioo. Ijengwe sambamba na faiba, isingoje faiba ikatike.